Chupa za Alfajiri

Matokeo ya mwaka wa kwanza yalipobandikwa ubaoni, Enoka Mwazembe aliyasoma mara tatu, kidole juu ya karatasi, kama mtu anayetafuta jina la ndugu yake katika orodha ya majeruhi. Jina lake lilikuwa la pili.

Tangu darasa la kwanza pale Ihanda, ambako baba yake alikuwa mwalimu mkuu, hakuwahi kushika namba hiyo. Walimu walizoea hivyo, wanafunzi wenzake walizoea hivyo, na yeye mwenyewe alikuwa amezoea kiasi kwamba hakufurahia tena kuwa wa kwanza, kama mtu asivyofurahia kuwa na masikio mawili. Sasa juu ya jina lake lilikaa jina la msichana: Kabula Masumbuko.

Kuja kwenyewe katika masomo yale hakukuwa chaguo lake. Enoka alitaka udaktari, na udaktari ulimponyoka kwa pointi moja. Mwaka ule, 2008, akapangiwa Sayansi ya Mazingira, digrii ambayo hata jina lake ilibidi alieleze nyumbani. Kemia ilikuwemo, na biolojia, na udongo. Lakini ilikuwemo pia sheria, na uchumi, na takwimu, na elimu ya jamii, mambo ya kwenda kuwahoji watu vijijini wanaishije. Baba yake alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Sasa ukimaliza utaitwa nani?" akauliza. "Daktari anaitwa daktari. Mwanasheria anaitwa mwanasheria. Wewe?"

 Jibu Enoka alilipata kwa vijana wa Mlowo, mji wa jirani. Walisema mtoto wa mwalimu amekwenda chuo kikuu kusomea makande: mahindi humo, maharage humo. Naye alicheka nao, maana moyoni aliamini hivyohivyo. Alijiambia kwamba katika chungu kile yeye atakula kemia na takwimu, mengine atayameza tu ili apite.

Kabula alikuwa mtu wa aina nyingine. Baba yake, mzee Masumbuko, aliingia bonde la Momba na ng'ombe wake miaka ya themanini akitokea Shinyanga, na Kabula alizaliwa hukohuko bondeni. Sekondari aliisoma Tunduma, akikaa kwa shangazi yake aliyeuza dagaa mpakani, ndiyo maana aliweza kupatana bei na Wazambia kwa Kibemba, kusalimia kwa Kinamwanga na kugombana kwa Kisukuma. Kidato cha sita alipata daraja la pili. Enoka aliulizia hilo kwa makusudi, akalijua, akalishika. Lakini kilichomuuma zaidi alikisikia kwa bahati mbaya siku moja kwenye foleni ya chakula. Rafiki mmoja alimuuliza Kabula alitaka kusoma nini kabla ya kutupwa kule, naye akajibu, "Sikutupwa. Niliomba hii hii, namba moja."

Mtu amemshinda katika kitu ambacho Enoka alikipokea kama adhabu, naye Kabula alikipenda tangu mwanzo. Hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mwaka wa pili ulipoanza, Enoka alijikuta anajua maksi za Kabula kuliko zake. Alijua kwamba katika kemia alimwacha mbali, na kwamba katika sheria ya mazingira yeye alipata C na Kabula akapata A. Alihesabu ni mara ngapi mhadhiri wao, Dokta Conjesta, alilitaja jina la Kabula katika kipindi kimoja. Siku moja mhadhiri aliwauliza, "Bwawa limejaa magugu-maji. Mnaanzia wapi?" Enoka aliinua mkono wa kwanza, akaeleza habari za fosfeti na nitrati, akaandika na mlinganyo ubaoni. Dokta Conjesta akasema, "Vizuri." Kisha Kabula akasema taratibu, bila kusimama, "Mimi ningeuliza kwanza magugu yakibaki nani anapata hasara, na nani anapata faida."

Dokta Conjesta hakusema "Vizuri." Aligeuka, akaliandika swali lile ubaoni juu ya mlinganyo wa Enoka, akalipigia mstari. Kipindi kizima kilichobaki kikawa cha swali lile.

"Maneno matupu," Enoka alimnong'oneza jirani yake. Lakini usiku ule alikumbuka sauti ya Kabula neno kwa neno, na kwa mara ya kwanza akajua kwamba anamwonea mtu kijicho. Alijua, akajisamehe. Alijiambia ni hasira ya haki tu.

Mwezi wa saba mwaka 2010 ikafika zamu ya mafunzo kwa vitendo. Dokta Conjesta aliwapanga wanafunzi wawili wawili, akamweka Enoka na Kabula.

"Enoka ana mikono ya kupima," alisema mbele ya wote, "na Kabula ana masikio. Mkikubali kukaa pamoja mtatoa mtu mmoja mzuri."

Wenzao walicheka. Enoka alicheka pia, akiwa amesikia jambo moja tu: kwamba yeye ni nusu mtu.

Walipelekwa Isansa. Waliteremka Mlowo, wakapanda pikapu iliyobeba mbolea, wakaingia kwenye mashamba ya kahawa yaliyokuwa yameiva mekundu. Enoka alikuwa kwao kabisa pale, Ihanda haikuwa mbali, na watu walilijua jina la baba yake. Alipewa chumba kwenye nyumba iliyo nyuma ya ofisi ya kata. Kabula alipokelewa na Mama Leah, mjane mwenye bustani ya mboga karibu na kijito kinachoitwa Halambo.

Kazi yao ilihusu kijito hicho. Kila msimu wa kahawa maji yake yalinuka. Wanawake walisema yanawasha ngozi, na vijisamaki ambavyo watoto walikuwa wakivinasa kwa kuziba maji kwa matope vilikuwa vimetoweka. Kijiji kizima kilikuwa na jibu tayari. Juu kidogo ya kitongoji alikaa mzee Bugalama, Msukuma mwenye ng'ombe themanini, aliyefika miaka mitatu nyuma. Watu walisema ni ng'ombe wake. Mkutano wa kijiji ulikuwa umepangwa Jumamosi ya wiki iliyofuata kuamua kama ahame, na mwenyekiti, mzee Edson, aliomba taarifa ya wanachuo isomwe hapo kabla ya uamuzi.

Enoka alianza kazi palepale. Alikuwa na sanduku la kemikali alilokabidhiwa na chuo, ufunguo wake shingoni. Kipimo kikubwa kilikuwa cha oksijeni iliyoyeyuka majini, maana maji yaliyochafuliwa na vitu vinavyooza huishiwa hewa hiyo, na viumbe vyake hufa. Unajaza maji kwenye chupa maalumu ya kizibo cha kioo, unatia dawa mbili, unatikisa. Hewa ikiwepo, hutuama ukungu wa rangi ya kahawia. Ikiwa haipo, ukungu unabaki mweupe. Siku tatu mfululizo alipima saa nne mpaka saa sita mchana, sehemu tano za kijito. Zote kahawia, nzuri. Juu ya kwa Bugalama kahawia, chini ya kwa Bugalama kahawia. Juu ya mtambo wa kumenyea kahawa, kahawia. Chini yake, kahawia iliyofifia kidogo tu.

Kabula siku hizo hakugusa chupa. Alikaa na Mama Leah na wenzake wanapofua. Alikwenda machungani na mzee Bugalama, akarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Siku nyingine aliketi nusu siku kwa Watson, katibu wa kikundi cha wakulima chenye mtambo, akisoma kibali chao cha maji ukurasa kwa ukurasa.

"Wewe unapiga soga, mimi ndiye ninayefanya kazi," Enoka alimwambia, kwa sura ya utani.

"Nisubiri kidogo," Kabula akasema.

Jioni ya siku ya tatu alimfuata pale ofisi ya kata, ambako Enoka alikuwa akinakili tarakimu zake kwa mwandiko safi.

"Vipimo vyako vyote umechukua mchana, siyo?"

"Mchana. Kwani?"

"Ng'ombe wa mzee Bugalama asubuhi hawanywi pale chini ya mtambo. Wanafika majini, wananusa, wanageuka. Saa saba mchana wanakunywa bila shida. Mama Leah naye maji ya asubuhi anamwagia mboga tu, ya kupikia anachota mchana, na ukimuuliza kwa nini anasema ndivyo walivyozoea. Na mtambo unafanya kazi jioni, kwa sababu watu mchana wanavuna. Wakimaliza kuosha kahawa, maji yale yote wanayaachia. Kibali chao kinasema yapite kwanza kwenye mashimo ya kutuama. Nimezunguka pale, Enoka. Mashimo hakuna."

Aliyasema bila haraka na bila kujisifu. Na Enoka akaona. Alikiona kijito usiku kikibeba sukari na utelezi wa maganda ya kahawa, hewa ikiliwa yote, alfajiri maji yakiwa yamekufa, halafu jua likipanda na maji mapya ya chemchemi yakishuka kusafisha, mpaka saa nne anapofika yeye na chupa zake. Vipimo vyake vilikuwa sahihi vyote na havikuwa na maana yoyote.

Mtu mwingine angefurahi. Enoka alihisi kitu kama kisu kidogo chini ya mbavu. Ng'ombe, kufua, kibali, vitu ambavyo na yeye alivipita kila siku. Kwa nini sikuona mimi?

"Ng'ombe si kipimo," akasema.

"Sijasema ni kipimo. Nasema tupime alfajiri."

"Nina hesabu za kumaliza. Kama unataka, nenda wewe."

Kabula alimwangalia kidogo. "Haya, nitakwenda. Ila ile siku tuliyofundishwa hizi chupa sikuwepo, nilikuwa kwenye msiba wa bibi. Kuna la kuangalia?"

Kulikuwa na mambo mawili ya kuangalia. Chupa huzamishwa polepole ndani ya maji, izibwe hukohuko chini, isibaki hata chembe ya hewa. Na dawa hutiwa palepale kijitoni, si baadaye. Ukikosea hapo, hewa ya kawaida inaingia kwenye maji, na chupa inakudanganya. Kuyasema yote kungechukua muda wa kumeza mate.

"Jaza tu, ulete," Enoka akasema, akarudi kwenye tarakimu zake. "Dawa nitatia mimi."

Asubuhi Kabula alirudi na chupa sita kwenye kikapu, miguu imelowa mpaka magotini. Alikuwa amechota kwa jagi na kumimina, kama mtu yeyote angefanya. Chini ya kila kizibo kulikuwa na kiputo cha hewa cha ukubwa wa punje ya haragwe, kikitembea huku na huku chupa ilipoinamishwa. Enoka aliviona vyote sita. Jumamosi ilikuwa bado siku sita. Angeweza kusema, rudi kesho, nitakuonyesha.

Alitia dawa. Akatikisa. Ukungu ukatuama, kahawia.

"Hewa ipo ya kutosha," alisema.

Kabula alikuwa ameshika kalamu na daftari ili aandike. Kalamu ilisimama. Aliichukua chupa moja, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama muda mrefu.

"Basi nimekosea," akasema.

Ndiyo maneno ambayo Enoka alikuwa akiyangoja tangu siku ya ubao wa matokeo. Yalimwingia kama chai ya tangawizi kwenye baridi la Mbozi. Alimfariji hata, akamwambia kila mtafiti hukosea, wala asijali. Siku ile alikula vizuri, akapiga simu nyumbani, akamwambia baba yake kazi inakwenda.

Kabula hakuwa mtu wa kuficha jambo. Alikwenda mwenyewe kwa mzee Bugalama kumweleza kwamba maji ya alfajiri hayakuonyesha kosa la mtambo, na kwamba taarifa haitakuwa na la kumtetea. Enoka hakujua hilo. Alilijua siku ya Alhamisi, alipopita njia ya juu akielekea kupima udongo, akamkuta mzee yule na mke wake wakiling'oa zizi. Nguzo zilikuwa zimelazwa chini kwa mpangilio, kubwa upande mmoja, ndogo upande mwingine, na mashimo yake wazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nawashukuru kwa kazi mliyofanya."

Enoka alisimama. "Mbona mnang'oa? Mkutano bado."

"Mkutano wa nini tena?" Bugalama alipangusa mikono kwenye shuka lake. "Yule binti yetu amekuja amekaa hapo, amelia. Amesema amepima na maji hayakusema kitu. Mimi niliondoka Usangu, nikaondoka Chunya. Ukiishaondoka mara mbili unajifunza: ukingoja uambiwe na mkutano, unaondoka na nusu ya mali. Afadhali mtu uanze mwenyewe."

Mke wake alimletea Enoka maziwa kwenye kibuyu. Alikunywa kwa sababu hakujua namna ya kukataa.

Siku ile hakupima udongo. Alikaa kwenye kitanda chake nyuma ya ofisi ya kata akijaribu kujitetea, na kila utetezi ulianza vizuri ukaishia kwenye nguzo zile zilizolazwa chini. Kilichomtia aibu zaidi ni kwamba hata pale, katikati ya majuto, sauti moja ndogo ilikuwa ikimwambia: amelia. Kabula amelia. Na sauti ile ilikuwa na furaha.

Ijumaa kulipopambazuka alichukua sanduku, akashuka Halambo peke yake. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mibuni. Hata kabla hajafika alisikia harufu, kama ya pombe iliyochacha. Alivua viatu, akaingia majini chini ya mtambo, akaizamisha chupa kama alivyofundishwa, akaiziba chini ya maji, akatia dawa palepale, akatikisa, akautazama ukungu ukituama chupani.

Mweupe. Mweupe kama maziwa yaliyoganda.

Akapima ya pili, ya tatu, mpaka ya nne kule kwenye bustani ya Mama Leah. Nyeupe zote. Akapanda juu ya mtambo, chini kidogo ya zizi la Bugalama. Kahawia iliyokolea. Ng'ombe wale hawakuwa wamechafua kitu.

Alikaa juu ya jiwe, chupa mbele yake. Hapo ndipo wazo jingine lilipomjia, laini kabisa. Vipimo hivi ni vyangu. Mimi ndiye niliyevichukua.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Kabula alikuwa amevaa gauni lake zuri na ameshika taarifa waliyoiandika pamoja, ile inayosema hakuna kilichoonekana. Mzee Edson alipomwita, Enoka alisimama kabla yake.

"Mwenyekiti, kuna vipimo vya jana alfajiri ambavyo mwenzangu bado hajaviona."

Alizieleza chupa. Alizishika juu, nyeupe mkono wa kulia, kahawia wa kushoto, na watu wa nyuma wakasimama ili waone. Akaeleza kwa Kiswahili, akarudia kwa Kinyiha. Akaeleza mambo ya saa za mtambo, na mashimo ambayo kibali kiliyataka, na kwa nini ng'ombe hawanywi asubuhi. Watson alinyanyuka kupinga, akasema mashimo yalikuwa kwenye mpango wa mwakani, kisha akajisikia mwenyewe alichosema, akaketi. Kabla ya saa saba ilikuwa imeamuliwa: mtambo usiachie maji mpaka mashimo mawili yachimbwe, na mzee Bugalama abaki, ila mifugo yake inyweshwe mbali na chemchemi.

"Huyu ndiye mtoto wa mwalimu Mwazembe," mzee mmoja alisema kwa sauti, na makofi yakapigwa.

Mzee Edson aliinua mkono. "Hebu tuambie, kijana. Ulijuaje kwamba upime alfajiri?"

Swali lilikuwa wazi kama mlango. Enoka alimwona Kabula mstari wa mbele, taarifa imekunjwa mapajani, akimtazama bila hasira, akingoja tu.

"Tuliona vipimo vya mchana havitoshi," akasema.

Tuliona. Silabi moja ilitosha kujifunika. Hakudanganya, na hakusema kweli. Makofi yakapigwa tena, naye akayapokea akijua ni kilemba cha ukoka.

Kabula alimkuta jioni nyuma ya jiko la Mama Leah, ambako Enoka alikwenda kuosha chupa. Kabula alikaa kwenye kinu kilicholazwa.

"Nimempigia Dokta simu," alisema. "Nimemuuliza ile chupa inajazwaje."

Enoka aliendelea kuosha.

"Ulijua nimekosea?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponiuliza kama kuna la kuangalia."

 Ndani Mama Leah alikuwa akipepeta unga, na ungo ulisikika ukipiga, ukipiga.

"Nilikukosea nini, Enoka?"

Enoka aliiweka chupa chini. "Hukunikosea kitu. Wewe ndiye uliyeona. Mimi nilikuwa pale pale na sikuona."

"Kwa hiyo ni hilo tu."

"Ni hilo."

Alitegemea matusi. Angeyapenda matusi. Kabula alisimama, akakung'uta gauni.

"Mzee Bugalama alishang'oa nguzo," alisema, akaingia ndani.

Waliporudi chuoni, Dokta Conjesta alitaka kila mwanafunzi aandike ukurasa wake mwenyewe, mbali na taarifa ya pamoja: nani alifanya nini. Enoka aliandika mara tatu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na "tuli-" nyingi: tulipima, tuliona, tulieleza. Wa pili ulikuwa na maneno kama kutoelewana na uchovu. Wa tatu aliuandika bila kuinua kalamu, tangu ng'ombe mpaka chupa, tangu lile swali la Kabula kuhusu chupa mpaka makofi, akaupeleka haraka kabla hajaupenda ule wa pili.

Mhadhiri alimwita siku iliyofuata. Alikuwa na karatasi ile mbele yake.

"Hii ni kazi yako bora tangu uje hapa," alisema. "Kwa mara ya kwanza umenionyesha mtu, maji na sheria katika ukurasa mmoja. Inasikitisha kwamba mtu mwenyewe ni wewe."

"Ndiyo, Dokta."

"Mafunzo utarudia mwakani. Utachelewa kumaliza. Na utakwenda peke yako."

"Ndiyo, Dokta."

"Kabula nimemwonyesha, ana haki ya kuona. Aliisoma, akairudisha."

Baba yake alielezwa kwa simu. Alisema tu mbuni wa nyuma ya nyumba umezaa sana mwaka huu, akaaga.

Kabula alihitimu mwaka uliofuata, akiwa wa kwanza darasani. Enoka alisoma jina lake ubaoni akiwa na begi la safari begani. Kabla ya mahafali Kabula alikuwa amekwishapata kazi Mbeya, katika mradi mmoja wa mabonde ya mito. Hawakuwa wamegombana. Walisalimiana wakikutana, Kabula akamuuliza hali ya nyumbani, naye akajibu. Tangu Isansa hawakuwahi kukaa meza moja.

Dokta Conjesta alimpeleka bonde la Momba, kwenye kijiji ambacho wakulima wa mpunga na wafugaji walikuwa wakigombea maji ya mfereji. Enoka alifika na joto likamkaba. Alipima mfereji siku ya kwanza alfajiri, mchana na jioni, safari hii bila kusukumwa na mtu. Tarakimu zilikuwa safi. Lakini watu hawakumwambia kitu. Alikuja na dodoso la maswali ishirini na manne, akaketi na wazee wa Kisukuma chini ya paa la nyasi, na kila swali lilijibiwa kwa neno moja: ndiyo, au hapana, au basi. Wiki nzima ilipita hivyo. Kijana mmoja aitwaye Kalisti, aliyekuwa akimwelekeza njia, alimwambia kwa huruma, "Kaka, hawa wanadhani umetumwa na serikali kuhesabu ng'ombe."

Siku ya nane alipanda kichuguu kutafuta mtandao, akamwandikia Kabula. Hakuomba radhi tena, alikwishaomba kwa karatasi ile. Aliandika tu: Niko bondeni kwenu. Watu hawaongei nami. Nianzie wapi?

Jibu halikuja siku hiyo, wala ya pili. Lilikuja siku ya tatu saa sita mchana.

Usianze na maswali. Nenda saa za kunywesha, shika ndoo kama wengine. Dodoso liache nyumbani.

Alilisoma, na kile kijicho cha zamani kikamchoma palepale, mahali palepale chini ya mbavu. Sekunde moja alikuwa amechukia. Wiki nzima yeye amehangaika, na yule, kutoka ofisini Mbeya, kaona kwa mistari miwili. Alishangaa jinsi kitu kile kilivyokuwa kizima bado, hakijakonda hata kidogo. Alikuwa amedhani ukurasa ule umekiua.

Akaandika: Nikikosea huku, utaniambia?

Akangoja kidogo, simu mkononi. Hakuna kilichorudi. Akaiweka mfukoni, akateremka. Kwenye visima vya mchangani ng'ombe walikuwa wamekwishaanza kufika, na mzee mmoja aliyekuwa ndani ya kisima mpaka kiunoni alimwinulia macho, akamnyooshea mkono wenye ndoo. Enoka alivua viatu, akapokea ndoo.